Kompyuta ya Mafungu

Munira hakuwa na ugomvi na mtu yeyote pale Utende. Aliwadharau tu. Dharau haihitaji watu wawili kama ugomvi. Mtu anaweza kuifanya peke yake, amekaa kibarazani anachambua mchele. Aliwadharau vijana waliokariri maneno kumi ya Kizungu wakajiita waongozaji wa watalii. Aliwadharau wanawake wenzake waliomwuliza kila wiki lini ataolewa tena. Na zaidi ya wote alimdharau Gerson, mpangaji wa mjomba wake, kwa sababu Gerson alijua kila kitu.

Huyu Gerson alikuwa mtu wa Kigoma, karani katika ofisi moja ya serikali kule Kilindoni, na alikuwa na maneno mawili aliyoyapenda kuliko chakula: "kitaalamu" na "kimsingi". Ukimwambia mvua imenyesha, atakueleza kitaalamu imenyeshaje. Ukimwambia umeungua mkono, atakueleza kimsingi moto ni nini. Alikuwa na roho nzuri, hilo kila mtu alilisema, na Munira alikuwa akijibu kwamba hata mbuzi ana roho nzuri lakini hakai kwenye mkutano akatoa hotuba.

Munira mwenyewe alikuwa na sababu ya kuringa. Alikuwa ameishi Dar es Salaam, Temeke, ameolewa na mpiga video za harusi. Mume alibeba kamera na kupokea sifa. Aliyekaa mbele ya kompyuta kutwa kucha akikata, akiunga, akiweka muziki, akimwondoa mjomba wa bwana harusi anayejikuna, alikuwa Munira. Ndoa ilipovunjika, mume akabaki na studio, naye akarudi Utende kwa mjomba wake Sabiti na begi moja la nguo. Ujuzi alikuja nao wote. Mashine ndiyo hakuwa nayo, na mshona nguo asiye na cherehani ni mtu mwenye sindano tu.

Kisha ikaja bahati. Mmoja wa mameneja wa hoteli za pale ufukweni, mwanamke wa Bukoba aitwaye Happy, asiyependa kupoteza maneno, alimwita akamweleza. Wageni wake wanakwenda kuogelea na papa potwe, wale wakubwa wasiouma, upande wa Kilindoni, kijana wa boti anawapiga video, na wageni wanataka kuondoka na filamu iliyotengenezwa vizuri.

"Asubuhi nikupe kadi ya kamera, dada Munira. Jioni wakila waione filamu yao ukutani. Ukiweza hivyo, kazi ni yako msimu mzima, na msimu mwingine. Uwe na mashine yako tu. Kabla wageni hawajawa wengi tutajaribu siku moja."

Munira alitoka pale miguu haikanyagi chini. Kazi ile ilikuwa chumba chake mwenyewe, ufunguo wake mwenyewe, na chungu anachokipika bila mtu kufunua kifuniko na kuuliza mbona nazi nyepesi. Ilikuwa ni kutoka nyumbani kwa mjomba kwa heshima, si kwa kutolewa na mume mwingine. Hakuna kitu duniani alichokitaka kama hicho.

Kompyuta za dukani zenye nguvu ya kazi ile bei yake hakuiweza. Lakini Munira alijua njia. Kompyuta ya kuunda, unayoichagulia viungo kimoja kimoja, inaweza kuwa na nguvu kwa fedha kidogo, mradi mchaguzi ajue wapi pa kumwaga na wapi pa kubana. Unamwaga kwenye prosesa, ambayo ndiyo akili ya mashine, na kwenye RAM, ambayo ndiyo meza yake ya kufanyia kazi. Unaweka diski ya kasi. Unanunua pawa saplai ya kuaminika, ile inayoilisha mashine umeme, maana umeme wa kisiwani unapepesa macho kama mtoto mwongo. Mengine yote unabana: boksi la mtumba, monita ya mtumba, kibodi yoyote yenye herufi zote. Hata hivyo akiba yake haikutosha. Ikabidi aombe mchango kwa ndugu, na hapo ndipo alipoingia kwenye mdomo wa nyavu.

Mjomba Sabiti alikuwa nahodha wa juya, ule wavu mrefu wa kukokota, mpaka hifadhi ya bahari ilipokuja na juya likapigwa marufuku. Tangu hapo amebaki na unahodha bila chombo, na mtu kama huyo ni wa kuogopwa, kwa sababu ataongoza chochote atakachokikuta mbele yake: harusi, msiba, hata foleni ya maji. Sifa yake moja hata Munira hakuweza kuikana. Katika miaka yake yote ya bahari hakuna baharia aliyewahi kulalamikia mgao. Samaki wakishauzwa, alikaa mchangani akagawa: fungu la chombo, fungu la nyavu, fungu la nahodha, na kila baharia fungu lake, sawa kwa sawa. Watu waliondoka wameridhika, na waliporudi nyumbani hawakugombana na wake zao. Kwa hiyo Utende nzima iliamini kwamba hakuna jambo la fedha ambalo Sabiti hawezi kulimaliza kwa mafungu.

Ndugu walikusanyika barazani baada ya sala ya alasiri. Walitoa, haki ya Mungu walitoa. Mama Bimkubwa, dada mkubwa wa marehemu mama yake Munira, alifungua pindo la kanga akatoa fedha alizoweka kwa ajili ya sanda yake, akasema kifo kitangoja, mtoto apate kazi. Gerson naye alitoa, mpangaji tu, asiye na damu wala ukoo. Munira aliguswa kidogo. Kisha watu wakaanza kuzungumza, na kuguswa kule kukaisha.

"Hiyo kompyuta ina viungo gani?" Mjomba akauliza.

Munira akavitaja: boksi, madabodi inayobeba vingine, prosesa, RAM, diski, pawa saplai, monita, na kibodi pamoja na mausi yake.

"Basi mafungu manane. Kila kiungo fungu lake, sawa kwa sawa. Na kila mtoaji atakisimamia kiungo kimoja akichague, asiwepo wa kusema ameachwa."

Munira alidhani ni mzaha. Alipoona watu wanatikisa vichwa kwa kuridhika, damu ikampanda.

"Mjomba, mashine haigawanywi hivyo. Prosesa na RAM ndizo zinazofanya kazi, ndizo za kutiliwa fedha. Boksi ni bati tu. Hata la kuokota linafaa."

"Boksi bati?" Mjomba akacheka, na baraza zima likacheka naye. "Na jahazi ni mbao tu, siyo? Wewe panda la kuokota, mimi nitakuombea dua nikiwa pwani."

"Kitaalamu," Gerson akaingia, na Munira akafumba macho, "boksi lina umuhimu wake, dada Munira. Ndilo linaloingiza hewa. Kuna maboksi ya kisasa yana feni za taa na ubavu wa kioo, unaona ndani kila kinachoendelea. Kimsingi kompyuta ikipata joto inapoteza ufanisi." Kisha, kwa vile watu walikuwa wanamsikiliza na hakuna kitu kilichomlevya Gerson kama kusikilizwa, akaendelea mpaka akafika kwenye mausi. Alichukua sahani ya kikombe, akaiweka mkekani, akamshika mkono Munira. "Mausi unaishika hivi, dada. Kwa mkono wa kulia. Ukitaka kufungua kitu unabonyeza mara mbili, haraka haraka."

Munira alikuwa ameishika mausi miaka sita, mpaka kifundo cha mkono kikamwuma wakati wa baridi. Aliitazama ile sahani, akamtazama Gerson, akautoa mkono wake polepole kama anautoa kwenye kinyesi.

"Manahodha wengi, chombo huenda mrama," akasema.

"Ndiyo maana nahodha ni mmoja," Mjomba akajibu, "na ni mimi."

Ikapita hivyo. Mjomba akachukua kusimamia boksi, tena lile la taa, kwa sababu alisema ubavu wa chombo ni kazi ya nahodha. Mama Bimkubwa akapewa monita, naye akataka kubwa, ya kuonekana na mtu aliyekaa jikoni. Gerson akachukua kibodi, na wengine wakagawana vilivyobaki kama watoto wanavyogawana miwa. Munira, aliyetoa kuliko wote, akapewa diski. Alisema asante kwa sauti ambayo ingeweza kukata limau. Tangu siku hiyo hakufungua tena kinywa chake juu ya kompyuta. Waache, alijiambia. Wajinga hawafundishwi kwa maneno, wanafundishwa kwa aibu.

Gerson alikuwa na semina Dar es Salaam mwezi ule, kwa hiyo ndiye aliyepewa fedha na kazi ya kununua. Siku ya tatu akapiga simu kutoka Kariakoo. Mjomba alikuwa kibarazani. Akaweka simu kwenye spika, kama anavyofanya siku zote, ili jirani asipate taabu ya kutega sikio. Munira alikuwa hatua mbili tu kutoka pale, anakuna nazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Gerson. Umefika dukani?"

"Nipo dukani, mzee. Kuna jambo nataka nimwulize dada Munira." Nyuma yake zilisikika honi na mtu anayenadi soksi. "Dada, hapa kuna prosesa mbili. Hii ya fungu letu, jamaa wa duka anasema ni ya kuandikia barua tu, kwa video itakuwa nzito. Ile nyingine ndiyo ya kazi, ila inazidi fungu. Sasa mimi nawaza, lile boksi la taa tuliache, nichukue la kawaida, na monita tushushe kidogo, halafu ile fedha niipeleke kwenye prosesa na RAM. Au vipi? Wewe unasemaje?"

Mbuzi ya nazi ikasimama. Mjomba akamtazama mpwa wake. Hata yeye, kwa mara ya kwanza tangu jambo lile lianze, uso wake ulikuwa na swali.

"Sema, mwanangu," akasema kwa upole. "Hapa neno lako ndilo. Boksi ni fungu langu, na mimi ukisema nishushe, nashusha."

Basi ndiyo hiyo. Lile jibu alilolililia mwezi mzima alikuwa ameletewa mpaka mlangoni, limeoshwa, limewekwa kwenye sinia. Neno moja tu: ndiyo. Lakini Munira hakuliona jibu. Aliiona ile sahani ya kikombe mkekani, na mkono wa Gerson juu ya mkono wake, unabonyeza mara mbili, haraka haraka. Alilisikia lile baraza likicheka. Akafikiri: sasa wamekwama ndipo wananikumbuka. Waende nayo vivyo hivyo. Wailete, waiwashe mbele ya watu, ishindwe, nyuso ziwashuke. Hapo watakuja wenyewe, wataniomba, vitu vitarudishwa dukani na safari hii nitachagua mimi, kila kimoja, na hakuna atakayenyanyua ulimi. Muda bado upo. Utamu wa fikra ile ulimjaa mdomoni kama tende.

"Mimi nitajua nini, kaka Gerson?" akasema. "Wataalamu si ninyi? Fuata mafungu ya wazee."

Kule Kariakoo mnadi soksi alishusha bei.

"Una uhakika, dada?"

"Fuata mafungu."

Akaendelea kukuna nazi.

Gerson alirudi wiki iliyofuata, akipitia bandari ya Nyamisati. Watu waliosafiri naye walisimulia kwamba bahari ilichafuka kidogo, naye alilipakata lile boksi la kioo magotini njia nzima, amelifunika kwa koti lake la semina, mwenyewe amelowa chapachapa. Munira aliposikia alicheka peke yake. Alisema mtu anayevua koti kulivisha bati hastahili kuhurumiwa.

Siku ya kuiwasha ilikuwa kama maulidi. Mkeka mpya ulitandikwa, udi ukafukizwa, haluwa ikaletwa na kahawa. Gerson alikuwa ameviunganisha viungo mchana kutwa, jasho likimtoka, akisema "kitaalamu" kwa kila skrubu. Mjomba akaomba dua ndefu, akaiombea ile mashine salama ya moto, ya maji, ya hasidi na ya wezi. Gerson, Mkristo wa watu, akainamisha kichwa akaitikia amina kwa sauti kuliko Waislamu. Kisha akabonyeza.

Taa zikawaka. Nyekundu, buluu, kijani, zikawa zinakimbizana ndani ya kioo. Kibodi nayo ikawaka, kila herufi na rangi yake. Mama Bimkubwa akapiga kigelegele. Watoto wakapiga makelele, mwanamke mmoja akasema hata meli za Bandari Salama hazina taa namna hii. Ile monita ilikuwa kubwa hasa; ungeweza kuisoma ukiwa chooni.

Munira akaketi. Alikuwa ameisubiri saa hii. Akachomeka kadi yenye video ya papa potwe aliyopewa na Happy ya kufanyia mazoezi, akafungua programu. Mashine ikafikiri. Ikafikiri sana. Akabonyeza video icheze, papa potwe akatokea mkubwa na madoa yake meupe, akafungua kinywa, na akabaki hivyo hivyo, kinywa wazi. Mashine imekwama. Feni zikavuma, taa zikakimbizana, na samaki hakusogea hata ukucha.

Munira akageuka polepole kuwatazama. Alitaka kuiona ile aibu ikipanda usoni mwao, mmoja baada ya mwingine, aanze Gerson.

"Mashallah," Mjomba Sabiti akasema. "Tazama alivyotulia. Picha za televisheni yangu hutikisika."

"Unaweza kumhesabu madoa," akasema Mama Bimkubwa, machozi yakimlenga. "Nimezaliwa hapa nimezeeka hapa, sijapata kumwona kinywani."

"Imekwama!" Munira akasema. "Hamwoni? Imeshindwa! Haina nguvu, haifai, haiwezi kucheza hata dakika moja ya video!"

"Bado mpya hiyo," Mjomba akamtuliza. "Chombo kipya nacho huwa kizito mpaka kizoee maji."

Hakuna aliyeona haya. Hakuna hata mmoja! Waliendelea kula haluwa. Ili mtu aaibike lazima kwanza ajue alichokosea, na watu wale walikuwa hawajui, kwa hiyo walikaa na furaha yao safi, isiyo na tone la doa. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha pale barazani alikuwa Munira peke yake. Gerson tu ndiye aliyeacha haluwa yake. Alikuwa ameinama anaitazama ile prosesa kupitia kioo, na hakusema "kitaalamu".

Asubuhi yake Munira alidai virudishwe dukani, na hapo akauona ukuta alioujenga mwenyewe. Mjomba alimtazama kama amesema jambo la haramu.

"Kitu kimesomewa dua, kimefukizwa udi, watu wamekula haluwa yake, ukirudishe? Watu watasema nini? Na fungu la nani litaanza kurudishwa? Umwambie nani kwamba chake ndicho kibaya?"

"La mama mkubwa. Monita ile ya nini, kubwa vile?"

Mama Bimkubwa alikuwa mlangoni. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. "Ile ni sanda yangu, mwanangu," akasema. "Sanda hairudishwi dukani."

Munira alikwenda kukaa nayo ile mashine, akijaribu kila hila aliyoijua: kupunguza ukubwa wa picha, kufunga hiki, kuzima kile. Alizima hata taa, watoto wakalia, zikawashwa tena.

Siku ya majaribio ikafika. Kijana wa hoteli alileta kadi mapema, boti ilipotia nanga tu. Munira akaanza kukata na kuunga, na kila alipobonyeza kitu mashine ilimngojesha kama karani mwenye kiburi. Nyumba nzima ilikuja kumsaidia, jambo ambalo lilimtia wazimu zaidi. Mama Bimkubwa aliwanyamazisha wapita njia ili mashine isishtuke. Gerson aliomba ruhusa kazini, akakaa kando ya boksi na kipepeo cha ukili akilipepea mchana kutwa, hakupumzika ila kubadili mkono. Kazi ilipokaribia nusu, umeme ukapepesa jicho lake, mashine ikazimika, wakaanza upya. Jua likatua. Wakati wa chakula cha wageni ukafika na ukapita. Filamu haikutoka.

Kesho yake Happy akamwita. Munira alitaka kwenda peke yake, lakini alipotoka nje alimkuta Gerson ameshika baiskeli, amevaa shati la kanisani.

"Nakusindikiza," akasema. Munira hakuwa na nguvu ya kumkatalia.

Happy aliwapokea ofisini, hakuwakaribisha kiti. "Dada Munira, jana nilikuwa na wageni wamekaa mbele ya ukuta mweupe. Wameukodolea macho mpaka kahawa ikaisha. Leo wamepanda ndege. Nini kimetokea?"

Munira akafungua kinywa, lakini Gerson alitangulia.

"Kosa langu, madam. Mashine niliinunua mimi. Prosesa niliyochukua haifai."

Happy akamgeukia. "Wewe ni nani?"

"Gerson. Mpangaji wa nyumba yao."

"Mpangaji." Happy alilirudia lile neno kama mtu aliyekuta unywele kwenye wali. "Kabla hujanunua mashine ya kazi ya mwenzako, ulimwuliza mwenyewe anataka ipi?"

Gerson akatazama chini. Jasho lilianza kumtoka kwenye paji la uso. "Sikumwuliza, madam. Nilijifanya najua."

Hiyo hapo. Ile aibu aliyoingojea Munira tangu siku ya sahani ya kikombe, ilikuwa imefika, imesimama mbele yake na shati la kanisani. Na ilikuwa chungu kuliko shubiri. Alitaka kusema: aliniuliza. Neno lilikuwa pale pale nyuma ya meno.

"Ninyi wanaume wa kujua kila kitu," Happy akasema, "ndio mnaoturudisha nyuma. Mtu ana ujuzi wake, ninyi mnakuja na midomo." Munira aliwahi kuyasema maneno hayo mara nyingi, karibu neno kwa neno, na kila mara yalikuwa matamu. Kisha Happy akamgeukia yeye, na sauti yake ikalainika. "Basi kosa si lako, dada. Hapa mhasibu ana kompyuta nzuri, mchana haitumii. Njoo Jumatatu tujaribu tena kwa hiyo. Ukiweza, tutajua la kufanya."

Kazi ilikuwa imerudi. Chumba, ufunguo, chungu. Munira alilimeza lile neno.

"Asante, dada Happy," akasema.

Walitembea mpaka walipoyapita majengo ya hoteli, Gerson akisukuma baiskeli. Ghafla akacheka. "Tumepata, dada! Jumatatu utawaonyesha. Mimi usinijali, kusemwa nimezoea." Akasukuma kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ila kweli nilikosea. Siku ile Kariakoo ningekuuliza mara ya tatu. Nilisikia sauti yako nikajua umechoka na sisi, nikasema nisikusumbue. Kama hukuwa unajua zile prosesa zinavyotofautiana, ilikuwa juu yangu kukueleza vizuri."

Munira akasimama njiani.

"Nilikuwa najua, kaka Gerson."

"Ulikuwa unajua nini?"

"Ulivyouliza. Kwamba boksi tuliache, fedha iende kwenye prosesa. Nilijua ndivyo. Nilijua kabla hujamaliza kusema."

Gerson alimtazama. Hakukuwa na hasira usoni mwake, wala kejeli. Alikuwa haelewi tu, na alitaka kuelewa.

"Sasa mbona hukusema?" akauliza.

Akashikilia baiskeli yake pale pale, akamngoja ajibu.